Shosho Aliyesikia Sauti Bila Kuona Uso

Shosho alifika dukani Jumatatu asubuhi, laptopu ameifunga ndani ya leso kama aliyebeba mtoto, flashi ameibana kiganjani. Ilikuwa mwaka 2021, na duka langu lilikuwa bado kwenye kile chumba kidogo pale Umoja, Nairobi, kati ya kinyozi na mama wa mboga. Nilimsogezea kiti, hakuketi. Akaniuliza: "Mwanangu, mtu akikutumia video halafu asikuonyeshe uso, anaficha nini?"

Binti yake ni muuguzi Uingereza. Jirani aliyekuja likizo ndiye aliyemletea flashi ile, ndani yake mna video ya dakika 11 ambayo binti alijirekodi kwa iPhone. Ilikuwa kama MB 660, haingepita WhatsApp. Shosho na mjukuu wake waliifungua nyumbani kwenye laptopu kuukuu yenye Windows 7. Sauti ikatoka safi kabisa: binti anawasalimu mmoja mmoja kwa majina, anacheka, anasema, "Mama, tazama, hapa ndipo ninapopikia." Kioo kikawa cheusi tititi mwanzo hadi mwisho.

Wiki tatu alikaa na giza lile. Alipompigia binti simu, binti akasema alijirekodi vizuri tu na anaonekana. Shosho akalichukua jibu hilo kuwa ni kufichwa kwa pili. Kichwani mwake mambo yalikuwa yamekwisha kupangika: mtoto anaumwa, amekonda, ameziba kamera ili mama asione. Alikuwa ameanza kufunga na kuomba.

Ninafanya kazi hii ya video tangu mwaka 2012. Nimerekodi harusi, ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), mahafali na mazishi, na nimefungulia watu faili kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini sikuwa nimewahi kuona mtu amekosa usingizi kwa sababu ya kodeki.

Neno hilo nilimweleza hivi, na ndivyo ninavyomweleza kila mteja hadi leo. Faili ya video ni kama barua ndani ya bahasha. Zile herufi za mwisho za jina, MP4, MOV, MKV au AVI, ni aina ya bahasha tu. Ndani yake mna barua mbili, moja ya picha na moja ya sauti, na kila moja imeandikwa kwa lugha yake. Lugha hizo ndizo kodeki. Programu ya kuchezea video ndiyo msomaji. Msomaji wa kwenye laptopu ya Shosho aliijua lugha ya sauti, akaisoma bila shida. Lugha ya picha hakuijua, akanyamaza. Asingekuwa kimya, angeandika tu kwamba hawezi kusoma, bibi wa watu asingefunga siku tatu.

Lugha yenyewe ilikuwa HEVC, ambayo pia huitwa H.265. Ilitoka kama kiwango rasmi mwaka 2013, miaka 10 baada ya H.264 ambayo karibu kila kifaa kinaisoma. Tangu iOS 11, mwaka 2017, iPhone 7 na zilizofuata hurekodi kwa HEVC zenyewe, kwa kuwa inabana video isichukue nafasi kubwa. Windows 7 ilitoka mwaka 2009. Ilizaliwa kabla ya lugha hiyo, basi ingeijulia wapi? Hata kwenye Windows 10 kompyuta nyingi hazikuja nayo. Kiongezi chake kimekuwa kikiuzwa dukani kwa Microsoft kwa senti 99 za dola.

Nikamwekea VLC. Ni ile programu yenye alama ya koni ya barabarani ya rangi ya chungwa. Ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, Ufaransa, na haijawahi kuuzwa. Sababu ya kuipenda ni moja: imebeba kodeki zake yenyewe, haiendi kuomba kwenye mfumo wa kompyuta. Ukubwa wake ni kama MB 40, na hata mtu wa bando dogo anaimudu. Ichukuliwe kwenye tovuti yao, videolan.org, kwa sababu zipo kurasa zinazoigawa ikiwa imechanganywa na matakataka ambayo hukuyaomba.

Nikaifungua video kwa VLC. Feni ya laptopu ikaanza kuvuma, picha ikakwama sekunde mbili tatu, halafu uso ukatokea. Binti mnene, mwenye afya, amevaa sweta ya kijani, anacheka na simu. Shosho aliweka mkono mdomoni. Hakusema kitu mpaka dakika 11 zikaisha, kisha akaniambia nianze tena.

Jumanne saa mbili asubuhi alikuwa tena mlangoni. Safari hii alikuja na mjukuu, mvulana wa darasa la saba. "Mwanangu," akasema, "amejificha tena."

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo miaka tisa ya kazi haikuwa imenifunza. Mimi nilikuwa nimeweka programu, nikafungua video kupitia programu yenyewe, nikaona kazi imekwisha. Mvulana alipofika nyumbani alifanya kile ambacho kila binadamu hufanya: aliibofya faili mara mbili. Kompyuta ikamwita msomaji wake wa zamani, yule asiyeijua lugha. Giza likarudi. VLC ilikuwa imekaa humo humo ndani, hakuna aliyeiita.

Kuweka programu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuiambia kompyuta kwamba kuanzia leo, faili za aina hii zifunguliwe na huyu. Unaibofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unakwenda palipoandikwa "Open with", unachagua programu nyingine, unaweka alama kwenye kale kakisanduku kanakosema iwe hivyo kila mara, ndipo unakubali. Kale kakisanduku ndiko kenye maana. Usipokagusa, umefungua kwa mara hiyo moja tu.

Tena kompyuta hukumbuka kwa kila aina ya bahasha peke yake. Ukiipa VLC faili za MP4, za MOV bado ziko kwa mwenyewe wa zamani. Nilizipitia zote nne ambazo Shosho angeweza kuletewa: MOV, MP4, MKV na AVI. Kwenye Windows 10 na 11 unaweza kuyapanga haya yote sehemu moja, ndani ya mipangilio, penye programu, kisha programu za chaguo-msingi. Huko programu haiwezi kujitawaza yenyewe. Lazima mwenye kompyuta aichague kwa mkono wake. Wateja wengi hawalijui hilo. Wanaweka VLC, wanajibu ndiyo kwa kila swali, halafu wanashangaa kuona video bado inafunguliwa na ile nyingine. Wenye Mac wanaibofya faili, wanafungua dirisha la maelezo yake, wanachagua programu na kubonyeza kitufe cha kubadilisha zote. Na baada ya kompyuta kujisasisha kwa mkupuo mkubwa, pitia tena uhakikishe. Imenitokea zaidi ya mara moja kukuta mpangilio wangu umerudi ulikotoka.

Siku ile sikukubali kubofya mimi. Nikamwambia, "Shosho, bofya wewe." Akashika kipanya kwa mikono miwili. Akabofya, akapumua, akabofya tena, na jina la faili likabadilika rangi na kuanza kuandikika, kwa sababu kompyuta ilidhani anataka kulibadilisha. Mjukuu akanyoosha mkono amsaidie, nikamzuia. Tukabonyeza Esc, akarudia. Tukarudia tena. Mara ya tatu vidole vikaenda kwa haraka, ta-ta, na uso wa binti ukatokea. Tangu siku hiyo hakuna mteja anayetoka kwangu kabla ya kubofya mwenyewe, kwenye kompyuta yake mwenyewe, na mimi nikiwa nimeiweka mikono mgongoni.

Ninajali sana jambo hili kwa sababu yangu pia. Mwaka 2014 nilirekodi mahafali ya dada yangu. Baba alisimama, mtu ambaye hakuwa mzungumzaji, akasema maneno kama ya dakika saba. Alipokuwa anamalizia, mtoto aligonga mguu wa kamera, kamera ikaanguka, betri ikatoka. Faili ilikuwepo kwenye kadi, tena kubwa, karibu GB moja, lakini haikufunguka kwa programu yoyote. Rafiki niliyemwamini kwa mambo ya kompyuta aliitazama akasema imeharibika, ifute upate nafasi. Nikaifuta. Kadi ile nikarekodia harusi Jumamosi iliyofuata. Baba alifariki mwaka 2016.

Baadaye sana nikaja kuelewa kilichotokea. Kamera nyingi zinaporekodi MP4, huandika picha na sauti kwanza, kisha mwishoni kabisa, unapobonyeza kitufe cha kusimamisha, huandika sehemu moja ndogo inayofanya kazi ya fahirisi: picha fulani iko wapi, sauti yake iko wapi. Betri ikitoka kabla ya hapo, fahirisi haiandikwi. Yale mengine yote yamo. Ni kitabu kizima kisicho na yaliyomo wala namba za kurasa. Zipo programu, mojawapo inaitwa untrunc na hailipiwi, ambazo huchukua faili nyingine nzima iliyorekodiwa kwa kamera ile ile, kwa mpangilio ule ule, zikajifunza kwayo namna ya kuijengea fahirisi ile iliyokatika. Mara nyingi hufaulu. Nimewarudishia watu wanne hivyo: ibada ya mazishi moja, ruracio moja na mahafali mawili. Maneno ya baba sikuwahi kuyarudisha.

Kwa hiyo ukinisikia nikimkaripia mtu kwa kufuta faili, unielewe. Video isipofunguka, mambo yanayoweza kuwa yametokea ni mengi, na kuharibika kabisa ni mojawapo tu. Nakili kwanza, mahali pawili. Kisha jaribu msomaji mwingine. Ikifunguka, bonyeza Ctrl na J ndani ya VLC, utaoneshwa lugha ya picha na lugha ya sauti, ujue unashughulika na nini. Ukiwa unarekodi kwenye kompyuta, hasa mtaa ambao stima hupotea bila kubisha hodi, rekodi kwa MKV. Bahasha hiyo haisubiri mwisho ndipo ijipange. Stima ikikatika utapoteza sekunde chache za mwisho, yaliyotangulia utayakuta. Ukimaliza unaweza kuihamishia kwenye MP4 kwa dakika moja mbili bila kugusa picha, kwa sababu unachobadilisha ni bahasha tu, barua inabaki ile ile.

Lakini kuihamisha ni tofauti na kuibadilisha jina. Hili ninalikuta kila mwezi. Mtu ana faili ya MOV isiyofunguka, anafuta zile herufi tatu anaandika MP4, anatarajia itafunguka. Ameandika anwani nyingine juu ya bahasha ile ile. Barua haijafasiriwa. Mbaya zaidi, sasa hata programu ambayo ingeitambua inaweza kuchanganyikiwa, na mimi napoteza muda kutafuta ilikuwa nini mwanzoni.

Jambo jingine linalowapotezea watu pesa hapa mjini ni flashi inayokataa faili kubwa. Mteja amenunua flashi ya GB 32 pale Luthuli Avenue, haina kitu, anajaribu kunakili harusi ya GB 6, inamwambia nafasi haitoshi au faili ni kubwa mno. Moja kwa moja anasema ameuziwa feki. Feki zipo, siwezi kukataa, ila mara nyingi flashi ni nzima na imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi GB 4. Unaipanga upya kwa exFAT na tatizo linakwisha. Kumbuka tu kwamba kuipanga upya kunafuta kila kitu kilichomo, na kwamba televisheni za zamani nyingine haziisomi exFAT. Kwa wenye televisheni hizo mimi huikata harusi vipande viwili: kanisani na ukumbini.

Na kuhusu virusi nitasema kidogo tu. Video haiishii na EXE. Windows kwa kawaida huficha zile herufi za mwisho, kwa hiyo faili inayoonekana kuwa harusi.mp4 inaweza kuwa harusi.mp4.exe. Fungua mipangilio ya folda uzifanye zionekane, uziache hivyo. Flashi ikitoka saiba, yaani duka la intaneti, na faili zote zimegeuka njia za mkato, usizibofye. Faili zako mara nyingi bado zimo, zimefichwa tu, na fundi mwenye subira atazifichua.

Nirudi kwa Shosho. Alhamisi alipiga simu. Jumapili chama chao cha wanawake kingekutana nyumbani kwake Kariobangi South, na alitaka wote wamwone binti kwenye televisheni, sio kwenye kile kioo kidogo. Mjukuu alikuwa amekwisha kuichomeka flashi nyuma ya televisheni. Jina la faili likaonekana, kisha maandishi kwamba haitambuliki. Televisheni nayo ni msomaji, na huyu wa Shosho ana lugha chache, wala huwezi kumwekea VLC. Hapo njia niliyoichagua ni kuifasiri barua yenyewe.

Nilitumia HandBrake, nayo ni ya bure. Unaipa faili, unachagua mpangilio wa H.264 wa ukubwa wa 1080, inakutolea MP4. Kwenye kompyuta yangu dakika 11 zile zilichukua karibu saa nzima, kwa sababu mashine inaisoma kila picha na kuiandika upya. Kila unapofasiri hivyo unapoteza ubora kidogo, kwa hiyo ile ya asili haifutwi kamwe. Niliiacha kwenye flashi ndani ya folda niliyoiita ASILI, nikahifadhi nakala nyingine kwangu kwa ruhusa yake, na ile iliyofasiriwa nikaiweka nje peke yake ili mjukuu asihangaike kuchagua.

Kabla ya kumpa nilifanya kosa ambalo nashukuru niliwahi kulirekebisha. Niliijaribu kwenye kompyuta yangu tu. Kompyuta yangu inasoma kila kitu, jaribio hilo halina maana yoyote. Nikafunga duka Jumamosi jioni, nikapanda matatu hadi Kariobangi, nikaichomeka kwenye televisheni yake. Ikafunguka, lakini sauti ilikuwa ndogo mno, ya kusikika na mtu mmoja aliyekaa karibu. Nikarudi usiku ule ule nikaongeza sauti na kuifasiri upya.

Jumapili nilikuwa sijapanga kwenda. Shosho akasema nisipokuja hatawasha. Nilikuta wanawake kama kumi na watano sebuleni, wengine wamekaa kwenye mkeka, watoto wamejazana mlangoni. Mjukuu ndiye aliyeshika rimoti. Binti akatokea na sweta yake ya kijani, akawasalimu, na wale aliowataja kwa majina wakawa wanaitikia kwa sauti kama vile anawasikia. Alipofika jikoni na kusema, "Mama, tazama, hapa ndipo ninapopikia," wanawake walicheka kuona sufuria ya ugali juu ya jiko la Uingereza.

Alipoirudisha kamera usoni pake, Shosho aliinua mkono. "Isimamishe hapo," akamwambia mjukuu. Mvulana akaisimamisha. Shosho akainuka, akaenda kuleta chai, akaacha uso umejaa kioo chote.